Mhariri na Aulize

Wapo wenzangu wanaodai kwamba mhariri anayemwuliza mshairi maana ya ubeti wake anamvunjia heshima. Mimi nakataa. Anayemvunjia heshima ni yule asiyeuliza, akaitupa kazi ya mtu kapuni.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Harriet Monroe, aliyeanzisha jarida la Poetry mjini Chicago mwaka 1912, aliletewa na Hart Crane shairi liitwalo "At Melville's Tomb". Lilimtatiza. Ndani yake mifupa ya watu waliozama baharini imefananishwa na dadu; sasa dadu, aliuliza, zawezaje kurithisha ubalozi? Crane, kijana ambaye kitabu chake cha kwanza kilikuwa hakijatoka, alimjibu kwa barua ndefu, akieleza picha moja baada ya nyingine, na kutetea kwamba sitiari ina mantiki yake yenyewe. Bibi yule hakuridhika kabisa. Hata hivyo, Oktoba 1926 alilichapa shairi pamoja na barua zao, swali na jibu, ili msomaji ahukumu mwenyewe.

Sisemi alikuwa malaika. Mwaka 1915 alichapa beti 5 tu kati ya 8 za "Sunday Morning", shairi la Wallace Stevens. Stevens alikubali, lakini mwaka 1923 alizirudisha zote katika kitabu chake.

Nasema haya nikijishitaki. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilisimamia pia jarida la wanachuo. Kijana mmoja aliniletea shairi. Nililisoma mara moja, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: "Halieleweki." Akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka nalo. Hakuleta jingine mpaka alipohitimu. Huenda shairi lilikuwa baya. Huenda mimi ndiye niliyekuwa mvivu. Jibu alikuwa nalo yeye, nami sikumpa nafasi ya kulitoa.

Basi ninyi mnaohariri majarida na kusahihisha madaftari, wino mwekundu mnao. Kabla hamjaandika neno hilo nililoandika mimi, wekeni alama ya kuuliza, kisha mngoje jibu. Likija na lisiwaridhishe, lichapeni pamoja na swali lenu. Wahenga walikwisha sema, kuuliza si ujinga.