Shikamoo ya Fimbo

Nilipokuwa TP mwaka jana, kila nikiingia darasani wanafunzi wote walisimama: "Shikamoo mwalimu!" Nikajiona mtu. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wale wale wanampita mama anayefagia uwanja kama vile hayupo. Yeye hana fimbo.

Tatizo letu liko hapo. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Tuliosoma shule hizi tunajua hali halisi ilivyokuwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: ukimlea kwa fimbo, anakua akiangalia nani kaishika.

Msiniambie adabu ni kazi ya wazazi tu. Mtoto anashinda shuleni siku tano kwa wiki, na anaiga anachokiona. Mwalimu akimwamkia mpishi, au akiomba radhi alipokosea, somo limeeleweka.

Na sisi wanachuo je? Yule dada anayedeki korido ya hosteli, leo ulimsalimia? Kesho kutwa wengi wetu tutashika chaki. Tutafundisha nini?