"Wengi Wape" Haijawahi Kuwa Haki

Baada ya Isha, barazani Mji wa Kale, Mombasa, kijana mmoja msomi alitwambia kwamba viwanda havikosi kuumiza mtu. Furaha ya wengi ndiyo kipimo cha jema, akasema, wachache wavumilie. Mzee mmoja akamuunga mkono: "Wengi wape." Nililala na hasira.

Methali yenyewe yaendelea: usipowapa, watajitwalia. Yatuonya juu ya nguvu za umati. Nani aliigeuza sheria ya maadili?

Mwingereza Jeremy Bentham, aliyefariki 1832, ndiye aliyeivumisha hesabu ya kijana yule: jumlisha raha, toa maumivu, ukibakiwa na raha tenda. Nauliza swali moja: anayepiga hesabu yuko upande gani? Sijamwona hata mmoja aliyejumlisha akajikuta yeye ndiye wa kutolewa.

Vukeni Makupa mwende mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu, madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, alipaza sauti mwanawe alipougua, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikafutwa kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha Desemba 2024. Ni watu kama elfu tatu. Waweke kwenye mizani na Wakenya zaidi ya milioni 47, watashindwa leo, kesho na mtondo. Mizani ya namna hiyo ni ya kuvunjwa.

"Lakini ajira!" walalama watetezi wa viwanda. Ajira zipi? Omido alikuwa nayo, na ndiyo iliyomfikishia mwanawe sumu. Nilimwuliza kijana kama angemlaza bintiye kando ya tanuri lile kwa furaha ya wengi. Akasema naleta hisia. Basi aliyepiga hesabu hakuwamo, kama kawaida!

Wapiga hesabu hawakuwamo 2019 pia, serikali ilipoamuru mizigo ya bandarini ipakiwe reli hadi Nairobi, madereva wa malori wakaambiwa ni faida ya taifa. Wala hawamo sisi tunaponunua maji ya mkokoteni, mabomba yamekauka.

Mahakama ya Juu imeshasema. Wakazi wa Owino Uhuru walipwe kila senti, na udongo wao usafishwe, wengi wapende wasipende.