Si kila bomba ni bomba!

Wiki hii nawageukia wenye mapikipiki makubwa, na hasa akina dada wanaopakiwa nyuma. Mada ni ekzosi ya kununua dukani, ile ambayo haikutoka kiwandani na chombo.

Tuchukue mfano wa Yamaha FJR1300, iliyoingia sokoni mwaka 2001. Injini yake ina pistoni nne, ukubwa sisi 1298, inaendeshwa kwa shafti badala ya cheni, na ina sailensa mbili, moja kila upande. Ni chombo cha mbio, lakini kimetengenezwa kwenda mbali kikiwa na mizigo na abiria. Ndiyo maana kinanguruma kistaarabu, kama paka aliyeshiba. Hapo ndipo vijana wanapokereka: "Pikipiki kubwa hivi, sauti ya cherehani?"

Basi mtu ananunua sailensa nyingine. Si dhambi. Nyingi ni nyepesi kuliko za kiwandani na zinapendeza kweli. Ila usidanganywe kwamba ukibadilisha kile kipande cha mwisho tu, nguvu zitaongezeka kibao. Kinachoongezeka zaidi ni kelele.

Kazi yenyewe haina miujiza. Acha injini ipoe kabisa. Toa masanduku ya pembeni, legeza klampu na bolti, kisha vuta sailensa huku unaizungusha taratibu. Bolti iliyoshika kutu imwagie mafuta ya kulegezea na uipe muda; ukiilazimisha ikakatikia ndani, utalia. Weka gasketi mpya. Bolti zote zishike kwanza kwa vidole, bomba likae sawa, ndipo uzikaze. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, bomba linakaa kwa kujipinda, na kesho linavuja. Kabla ya kuwasha, futa alama zote za vidole, maana yale mafuta ya mkono yataungua na doa litabaki.

Hapo wengi wanapiga picha na kwenda kutamba. Ngoja kwanza, bwana! Rudisha masanduku. Mpandishe abiria, uone nafasi inayobaki kati ya sanduku, sailensa na mguu wake. Sanduku la plastiki likigusa bomba la moto, linayeyuka na nguo zote za safari. Shavu la mguu likigusa, unajua mwenyewe mtakavyolala usiku huo. Na kama ukiachia mafuta inapiga ba! ba! ba!, usichekelee. Angalia kama hewa inapenya kwenye maungio.

Sasa jambo zito. Wataalamu wanasema kelele ya desibeli 85 sikio liivumilie saa 8 kwa siku, si zaidi. Kila ikipanda desibeli 3, muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo ndani ya helmeti peke yake unaweza kuvuka hiyo 85. Wewe unaongeza mngurumo juu yake, kutoka Dar mpaka Iringa, karibu kilomita 500, na mwenzako amekaa jirani kabisa na mdomo wa bomba! Sikio halina spea.

Kwa hiyo usichague sailensa kwa ile sauti ya dakika moja pale dukani. Ichague kwa saa ya tano barabarani. Kile kipande cha ndani cha kupunguza sauti kiache mahali pake. Nunueni vizibo vya masikio, wote wawili. Kisha piga safari fupi ya saa mbili, mshushe mwenzako, umuulize kwa sauti ya kawaida kama imempendeza.

Akijibu "Unasemaje?", rudisha ile ya kiwandani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.