Nimeuza baiskeli yangu, na nilichelewa kuiuza

Wiki iliyopita niliuza baiskeli yangu. Miaka 6 nimepeleka nayo mizigo ya wateja: viatu vya watoto, nachukua Kariakoo, napost nikiwa nyumbani Magomeni, mchana naingia barabarani. Wanaonijua wameshangaa. "Si ndiyo iliyokutoa?" Kweli, ndiyo iliyonitoa. Na bado nasema: kama biashara imeshaanza kusimama, acha kupeleka kila mzigo mwenyewe.

Nilijidanganya kwamba usafiri kwangu ni bure. Magomeni hadi Mbezi Beach na kurudi, kwa baiskeli na jua hili la Dar, zaidi ya saa mbili zinaondoka. Nikirudi nafungua WhatsApp, nakuta watu watatu wameuliza "namba 28 ipo?" na mmoja kaongeza, "Basi, nimeshapata." Hela ya pancha nilikuwa naihesabu. Wale watatu sikuwahi kuwahesabu.

Kilichonizindua ni jioni moja Barabara ya Kawawa. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine napokea simu ya mteja. Daladala ikanipita karibu, nikaishia mtaroni. Nilichubuka kiwiko tu, Mungu mkubwa. Jozi mbili za viatu zikalowa. Mteja bado yuko hewani, anauliza, "Kaka, kwani umefika wapi?" Nikajiuliza palepale: faida ya mzigo huu ni elfu sita. Nikivunjika mguu, nani atauza?

Najua utasema boda atakula faida yote. Atakula kama unaificha nauli ndani ya bei. Tangu siku ile nafanya hivi:

1. Bei ya kiatu naiandika peke yake, nauli peke yake. Mteja anaona analipia nini.
2. Mizigo ya upande mmoja naikusanya siku moja. Boda mmoja, safari moja, wateja wanagawana nauli.
3. Nina bodaboda wawili niliowazoea, na kijiwe chao nakijua. Simpi mzigo mtu niliyemsimamisha tu barabarani.
4. Aliye karibu namkaribisha aje kuchukua mwenyewe.

Sikufichi, kuna wateja waliozoea cha bure wamenikimbia. Kitambi nacho kimeanza kuchungulia. Na nilipenda kumwona mtoto akijaribu kiatu kipya pale mlangoni kwao. Siku hizi natumiwa picha tu. Lakini mtu akiuliza bei, namjibu kabla hajahamia kwa mwingine. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa.

Simwambii anayeanza leo aache baiskeli. Kama mtaji ni mdogo na wateja wako mtaa wa pili, kanyaga tu. Yangu ilikaa imeegemea ukuta miezi minne, mwisho nikamuuzia dogo wa mtaani anayeanza kuuza mayai. Nilimpunguzia bei, nikamwongezea na pampu. Nikamwachia neno moja: kila siku andika saa ulizokaa barabarani. Ukiona ndani ya saa hizo ungeingiza hela kuliko nauli ya boda, shuka.

Wewe mzigo wako anapeleka nani, na umeshapiga hesabu ya muda wako? Tuambie hapo chini, tujifunze.