Ukishikwa Rhamu, Wakili Utamtoa Wapi?

Manze, fikiria karao wamekushika Rhamu, kesi ni wizi wa mabavu. Ukipatikana na hatia, hukumu kwa sheria bado ni kifo. Na wakili huna, juu doo hakuna.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inasema serikali ikupe wakili kama bila yeye utadhulumika vibaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda mpaka mfuko wa hiyo kazi. Poa, lakini mfuko bila ganji ni mfuko tu, buda.

Mimi naona bajeti ianze na wasaidizi wa kisheria wanaobonga Kisomali, wawe kwa stesheni siku ya kwanza. Sheria hiyo hiyo inawatambua. Wakili wa kutoka Nairobi akifika mwezi wa tatu, taarifa ulishaandikisha kitambo.