Uso wa Kuvaa na Uso wa Kuzaliwa

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu asiogope kitu kilichotoka mikononi mwake. Walakini sisi twaona kwamba ndani yake mna fundisho jingine, lituhusulo sisi makarani na watumishi wa hapa Majengo, na twaomba ruhusa kwa ndugu wasomaji tulieleze.

Wako wenzetu wasemao kuwa vinyago ni mambo ya ujinga, na wako wasemao kuwa mtu avaaye uso usio wake ni mnafiki tu. Kwa heshima twakataa maneno hayo yote mawili.

Watazameni Wamakonde. Kinyago chao cha ngoma huitwa lipiko, na vikiwa vingi huitwa mapiko. Huchongwa kwa mti mwepesi. Kile cha Wamakonde wa Msumbiji hufunika kichwa kizima mfano wa kofia, na cha ndugu zao wa upande wetu wa mto Ruvuma aghalabu hufunika uso peke yake. Vingi hutiwa nywele za kweli za binadamu, na chale za mashavuni huonyeshwa kwa nta. Mchezaji hufungwa nguo mwili mzima, asitambulikane hata kidogo. Kwa desturi ya kale wanawake na watoto waliambiwa kuwa lipiko si mtu, bali ni mzimu. Kijana alipoingia jandoni ndipo alipofunuliwa siri, kwamba chini ya ule mti yumo mwanamume wa kijijini mwao. Siku ile hofu yake ilikwisha, naye akapokea dhamana ya kuitunza siri. Basi sehemu moja ya utu uzima ilikuwa kujua kwamba nyuma ya uso wa kutisha yumo mtu kama wewe.

Tazameni tena pwani. Mabibi wa Kiarabu wa Unguja ya zamani, kama wenzao wa Oman, walivaa barakoa usoni, nayo ilikuwa alama ya heshima na daraja. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, neno hilo hilo likachukuliwa kuitia jina nguo ya kuziba pua na kinywa. Aliyeivaa hakuwa mnafiki, maana alijificha nusu ya uso ili amkinge jirani yake. Kumbe uso wa kuvaa waweza kuwa tendo la wema.

Lakini kinyago kikitengwa na watu wake hupotewa na maana. Mwaka 1984 wezi waliiba kinyago cha Kimakonde katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1985 kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na hakikurudishwa kwetu ila mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Muda ule wote kule ugenini kilikuwa kitu kizuri cha kutazamwa, wala hapakuwa na kijana wa kufunuliwa siri yake. Hapa kwetu Ufipa twaweza kufahamu jambo hili vema. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo wazee wetu waliyeyusha chuma, yalikuwa na miiko yake na dawa zake. Leo mpita njia asiye na mtu wa kumweleza huona kichuguu tu.

Sasa twaja kwetu wenyewe. Karani naye huvaa kinyago kila asubuhi. Akija dirishani ndugu yake wa tumbo moja, au akija mtu aliyegombana naye jana, sharti wote wawili waukute uso mmoja, usio na upendeleo wala kisasi. Uso huo twausifu, maana pasipo huo hakuna haki.

Ubaya huanza pale karani anapougeuza uso wa kazi kuwa maficho. Mzee atoka bonde la Rukwa, apanda Lyamba lya Mfipa tangu alfajiri, afika mezani na kuambiwa, “Faili haionekani, rudi kesho.” Nani amesema? Hajui. Kesho amkuta mwingine, naye asema hana habari. Mzee yule amekutana na lipiko asilofunuliwa. Arudi kwake akiamini kwamba ofisi ni mzimu, na kwamba mizimu hutulizwa kwa sadaka. Hapo ndipo rushwa izaliwapo. Wengi hudhani kuwa chanzo chake ni tamaa ya karani peke yake, nasi twasema kuwa hofu ya mwananchi ni mama yake wa pili.

Wako watakaotujibu kwamba karani akijulikana kwa jina atasumbuliwa na jamaa, atafuatwa nyumbani usiku, tena atafanyiwa fitina. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini jina haliondoi uso wa kazi. Kanuni ibaki kuwa kanuni kwa jamaa na kwa mgeni, ila anayeitekeleza ajulikane. Hata lipiko halikutoka porini lenyewe, kwani walikuwapo wanaume waliomvika mchezaji, nao walijua fika ni nani aliyemo ndani.

Kwa hiyo twapendekeza jambo moja katika mkutano ujao wa Chama. Kila mwanachama amwambie mwenye shida jina lake, na akimwambia arudi, ampe siku kwa maandishi na kutia sahihi yake chini. Jambo hili halihitaji fedha wala amri kutoka juu. Lahitaji kalamu na moyo. Na saa za kazi zikiisha tuuvue uso ule, tukaketi msibani na barazani pamoja na majirani zetu wa Majengo kwa nyuso tulizozaliwa nazo.

Ofisi hizi zilichongwa na wananchi wenyewe kwa kodi zao na jasho lao. Ni aibu kwetu iwapo kinyago walichokichonga kwa mikono yao ndicho kiwatishacho.