Faru hasomwi kwa meno peke yake

Mwandishi, makala ni nzuri, ila hapo uliposema meno pekee yanatosha kutuambia mnyama anakula nini, sikubaliani nawe. Sisi wa Nyeri na Nanyuki tuna ushahidi jirani: hifadhi ya Solio, iliyoanzishwa 1970, ina faru weusi na weupe. Wote hawana meno ya mbele kabisa. Kazi ya kukata imeachiwa midomo na magego. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaukunja kushika kitawi, kisha magego yenye kingo kali yanakikata mshazari, utadhani kimepitiwa na panga. Mweupe ana mdomo mpana ulionyooka, fuvu refu ambalo kisogo chake kimerudi nyuma hata kichwa kikaning'inia karibu na ardhi, na magego marefu zaidi, kwa sababu nyasi na vumbi lake humaliza meno haraka. Kwa hiyo tusome mdomo, fuvu na gego kwa pamoja. Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba faru mweusi naye hula nyasi, hivyo hoja yote imeanguka: ni kweli hula kidogo, lakini umbo huonyesha chakula ambacho mnyama anakimudu vizuri zaidi, halimkatazi kingine. Ndiyo maana hao wawili wanaishi eneo moja bila kugombania sana malisho. Fyeka vichaka vyote ubakize nyasi tupu, uone kama mweusi hataumia kwanza.